Benchi la Mlangoni

Kwa karibu miezi 10 dada yangu alikaa benchi la mwisho kanisani, lile lililo karibu na mlango. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na mahali pake palikuwa mbele. Tulipomwuliza alisema magoti yanamsumbua, hawezi kusimama muda mrefu. Tukaamini. Huku Tukuyu kwa baridi na mvua yetu, mtu akilalamikia magoti hakuna anayeuliza zaidi.

Hayakuwa magoti. Dada alikuwa anatokwa damu. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka 5 nyuma, kisha damu ikarudi kidogo kidogo, ikafuatiwa na uchafu wenye harufu na maumivu ya kiuno. Alikaa mlangoni ili upepo uchukue ile harufu, na ili ibada ikiisha awe wa kwanza kutoka. Nilijua siku aliponiita nyumbani kwake mwanzoni mwa mwaka 2022, akafunga mlango, akanionyesha ndoo ya kanga alizokuwa amezilowesha. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Tulilala kitanda kimoja mpaka alipoolewa. Hata mimi alinificha.

Wapendwa, nimeombwa kuandika juu ya imani. Nami imani yangu nimejifunza upya katika ugonjwa huu, kwa hiyo nitausema kwa jina lake: saratani ya mlango wa kizazi. Na kabla sijaeleza yaliyompata dada, sina budi kutubu jambo langu mwenyewe, lililotangulia.

Mwezi wa nne mwaka 2018 serikali ilianza kutoa chanjo ya kuzuia saratani hiyo kwa wasichana wa miaka 14 nchi nzima. Ilizinduliwa Dar es Salaam na Mama Samia Suluhu Hassan, wakati ule akiwa Makamu wa Rais. Habari zikafika na huku Rungwe, na pamoja nazo uvumi: kwamba ni dawa ya kuwafunga uzazi mabinti, kwamba Wazungu wanataka kutupunguza. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha shule ya msingi, na Jumamosi nafundisha darasa la kipaimara. Katika darasa lile nilikuwa na wasichana 7 wa umri huo.

Jumapili moja baada ya ibada mama zao walinizunguka nje ya kanisa. "Mwalimu, wewe ndiwe umesoma. Hii chanjo unaionaje?"

Sikuwa nimesoma lolote juu yake. Nilichokuwa nacho ni ule uvumi, pamoja na aibu. Moyoni niliona kuwa kumchanja binti wa miaka 14 dhidi ya ugonjwa unaopatikana kwa njia ya kujamiiana ni kumtuhumu, au ni kumfungulia mlango. Ningeweza kusema, "Ngojeni nikaulize hospitali." Badala yake nilisema, "Mimi ningekuwa ninyi, ningesubiri kwanza tuone."

Lilikuwa neno dogo tu, lakini kinywa cha mwalimu kina uzito kuliko mwenyewe anavyojua. Siku ya chanjo, wote 7 walibaki nyumbani.

Sisi Wanyakyusa tumelelewa kwa heshima. Mama yangu hakuwahi kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, alipinda migombani akajificha mpaka mzee apite. Mimi siicheki heshima ile. Ilijenga nyumba zetu. Lakini tulivyoendelea tuliichukua tukaifunika juu ya mambo ambayo haikupaswa kuyafunika. Mwanamke akiumwa jino anasema, akiumwa tumbo anasema, akiumwa chini ya kitovu ananyamaza. Kanisani ndiyo hata kidogo. Nimekaa katika vikao vya akina mama miaka zaidi ya 30; tumeombea mimba, tumeombea waume walevi, tumeombea ng'ombe. Sikumbuki siku tuliyotaja mlango wa kizazi.

Basi dada alipimwa. Daktari alikata kinyama kidogo kikapelekwa maabara, na majibu yalipokuja ugonjwa ulikuwa umeshasambaa nje ya mlango wa kizazi. Tiba iliyobaki ilikuwa mionzi, nayo ilitupasa kuifuata Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Shemeji akauza ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha shamba la chai. Tukapanda basi alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 800. Dada aliomba kiti cha nyuma kabisa. Nilikuwa nimejua sababu, nikakaa naye.

Pale Ocean Road niliona kitu ambacho sitakisahau. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, kutoka Mtwara, Tabora, Singida, Songwe, wengi wao umri wa kulea watoto bado, na wengi wana ugonjwa uleule. Nilikuwa nimedhani dada amepatwa na jambo la ajabu. Kumbe ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine yoyote hapa Tanzania. Kwa mwaka inakadiriwa kuwapata zaidi ya 10,000, na zaidi ya 6,000 hufa.

Muuguzi mmoja, binti wa umri wa mwanangu, alinikalisha pembeni akanieleza. Saratani hii, karibu yote, husababishwa na kirusi kiitwacho kwa kifupi HPV. Ni kirusi cha kawaida mno. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, mwanaume kwa mwanamke, na mara nyingi mwili hukitoa wenyewe bila mtu kujua. Lakini kwa baadhi ya wanawake hubaki, na polepole, kwa miaka 15 au 20, hugeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani. Aliyegundua jambo hilo ni daktari Mjerumani, Harald zur Hausen, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili za kirusi hicho, namba 16 na 18, ndizo zinazoleta karibu asilimia 70 ya saratani hizi, na chanjo inawakinga mabinti dhidi ya hizo.

Kisha akaniuliza, bila nia mbaya, "Mama, huko kwenu mabinti si wanachanjwa?"

Nilitazama sakafu. Sikuweza kumjibu.

Na jambo lingine lilinichoma usiku ule. Dada yangu alimjua mwanaume mmoja tu, mumewe wa ndoa ya kanisani. Hakuna dhambi yake ambayo ningeweza kuitafuta ili ugonjwa ule upate maelezo. Ile hesabu niliyokuwa nimeipiga mwaka 2018, ya kwamba chanjo ni ya mabinti wasiotulia, ilianguka mbele ya kitanda chake.

Mionzi ilimpa nafuu kwa miezi kadhaa. Alirudi nyumbani, akarudi hata kanisani, akakaa mbele mara mbili. Alifariki mwaka 2023, wakati wa mvua nyingi. Siku tatu kabla, aliniambia, "Mdogo wangu, mimi ningejua kwamba ni ugonjwa tu, ningesema mapema. Nilidhani ni aibu yangu peke yangu." Maneno hayo ndiyo urithi alioniachia.

Baada ya maziko nilirudi kwenye Injili ya Marko, sura ya 5. Habari ile tunaijua wote: mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake kwa matabibu, akamjia Yesu kwa nyuma na kugusa vazi lake. Nimeifundisha mara nyingi. Lakini nilikuwa nimezoea kuikata katikati. Yesu alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi, na binti yule alikuwa na umri wa miaka 12. Mwaka ule mama alipoanza kuvuja damu, ndio mwaka binti alipozaliwa. Marko amewaweka pamoja, mama na binti, katika safari moja ya Bwana.

Nikaona tena kwamba Yesu hakumwacha mwanamke aondoke kimyakimya na uponyaji wake. Alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, mpaka mwanamke akajitokeza na kusimulia habari yake mbele ya umati, wanaume wakisikia. Naye Bwana akamwita binti. Hakuona haya kuizungumza damu ya mwanamke barabarani, wakati mkuu wa sinagogi anasubiri. Sisi tumefanya kinyume. Tumemnyamazisha mama, na kwa sababu hiyo binti hakupata la kusikia.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ikatangazwa kwamba chanjo sasa itatolewa kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14, na kwa dozi moja tu badala ya mbili. Safari hii niliuliza kwanza. Nilikwenda kwa wauguzi nikiwa na kalamu. Wakanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja mwishoni mwa mwaka 2022, na kwamba sehemu ya ushahidi ilitoka hapahapa kwetu: utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ambao ulionyesha kuwa dozi moja inaujengea mwili kinga inayodumu. Niliposikia hivyo nilifikiri juu ya wazazi wa wale 930. Wao walikubali, mimi nikasema tusubiri.

Nikamwendea mchungaji wetu, nikamwomba dakika 10 baada ya matangazo. Alisita kidogo. "Mwalimu, hayo utayasema mbele ya ushirika wote, na wazee wapo?"

Nikamwambia, "Mchungaji, Marko ameyaandika kwenye Biblia, na sisi huyasoma mbele ya wazee hao hao."

Akacheka, akanipa dakika 20.

Sikuhubiri. Nilisimulia habari za dada, za benchi la mlangoni na ndoo ya kanga. Kisha nikasimulia na neno langu la mwaka 2018, huku baadhi ya wale mama wananitazama. Nilipomaliza, kanisa lilikuwa kimya, mvua tu ndiyo iliyosikika juu ya bati.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. Ni mtu wa sala, ninamheshimu. Akasema, "Mwalimu, tunakushukuru. Lakini Mungu ndiye mlinzi. Tukianza kuchanja kila kitu, imani iko wapi?"

Nilimjibu kwa adabu, "Baba, hili kanisa tumeliezeka kwa bati kwa sababu tunaijua mvua ya Rungwe. Hakuna aliyesema kuezeka ni kumkosea Mungu imani. Na ndama wako, baba, humwiti bwana mifugo amchanje kabla hajaugua? Binti zetu je?" Akatikisa kichwa polepole, akakaa. Wiki iliyofuata alimleta mjukuu wake.

Nikaongeza jambo ambalo sote tunalijua. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, Injili haikukaa peke yake muda mrefu. Shule na tiba vilifuata. Leo ukienda Igogwe utakuta hospitali ya Wakatoliki, ukienda Itete utakuta ya Walutheri. Babu zetu walimpokea Kristo na dawa mikononi mwa watu walewale. Hatuna sababu ya kuvitenganisha sasa.

Kilichonigusa zaidi ni darasa la mabinti. Tulikaa nao Jumamosi mbili, mimi pamoja na muuguzi, bila wavulana na bila wazazi, ili wawe huru. Niliwapa vipande vya karatasi waandike maswali bila majina. Nitayaandika hapa baadhi, maana huenda na binti yako analo mojawapo.

Wa kwanza aliuliza kama chanjo itamzuia kuzaa. Muuguzi alijibu kwamba chanjo hizi zilianza kutumika duniani mwaka 2006, na wengi waliochanjwa wakiwa wasichana leo ni mama wenye watoto. Haina kirusi hai ndani yake. Ina mfano wa ganda lake tu, ili mwili ujifunze kumtambua adui. Saratani yenyewe ndiyo inayoharibu kizazi.

Wa pili aliandika: "Nikichanjwa, watu watasema nimeshaanza wanaume." Hapo nilijibu mimi. Niliwaambia kwamba huchanjwa mapema kwa sababu kinga hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi, na kwamba hata bikira anayeingia katika ndoa takatifu anaweza kukipata kwa mumewe. Usafi wa mwili ni agano lao na Mungu, nami nitaendelea kuwafundisha. Chanjo haivunji agano hilo, wala haichukui nafasi yake.

Wa tatu aliuliza kama inauma. Wakacheka wote. Muuguzi akasema mkono huuma siku moja au mbili, na wengine hupata kizunguzungu kwa hofu ya sindano, ndiyo maana baada ya kuchomwa huketi dakika 15.

Wa nne aliuliza, "Nikishachanjwa, nimemaliza?" Nililipenda swali hilo. Hujamaliza. Chanjo haizuii aina zote za kirusi, kwa hiyo ukifika miaka 30 utakwenda kupimwa mlango wa kizazi. Mtoa huduma hupaka siki, kama ile ya kachumbari lakini iliyopimwa vizuri, na sehemu iliyoanza kubadilika huonekana nyeupe. Ikionekana hutibiwa hapo, miaka mingi kabla haijawa saratani. Mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi huanza kupimwa mapema zaidi na mara kwa mara, kwa kuwa hatari yake ni takriban mara 6 ya mwingine.

Niliwasimulia pia kuhusu Uskoti. Huko walianza kuchanja mabinti wa shule mwaka 2008, na mwaka 2024 watafiti wao walitangaza kwamba miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hawajamwona hata mmoja mwenye saratani hii. Hata mmoja. Miaka 12, umri wa binti Yairo.

Wiki ya chanjo nilimshika mkono mjukuu wangu wa miaka 11 tukaenda wote. Alifumba macho, akafumbua, akasema, "Bibi, kumbe ni hivi tu?" Nikatoka nje nikalia nyuma ya jengo. Nilimlilia dada, na niliwalilia wale 7.

Wale 7 ndio deni langu. Umri wa mpango wa serikali umewapita. Mmoja ameolewa Kyela na ana mtoto, wawili wako chuoni Mbeya, wengine wako hapahapa wanachuma chai na kuuza ndizi. Nimewatafuta mmoja mmoja. Yule wa Kyela aliniandalia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nilitaka kwenda siku ile. Mama akaniambia, Mwalimu kasema tusubiri."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya nyumba yake nikamwomba msamaha. Aliniinua haraka, maana kwetu mtoto hapigiwi magoti na mama yake. Alinisamehe. Lakini msamaha haukumpa chanjo, na wote wawili tulilijua hilo.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Ndani yake nimeandika majina 7, na mbele ya kila jina mwaka 2034, maana ndipo watakapotimiza miaka 30. Nimemweleza kila mmoja habari ya siki, na dalili za kutozipuuza: damu nje ya siku zake, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu, maumivu ya kiuno yasiyoisha. Mwaka 2034 mimi nitakuwa na miaka 72, Bwana akinijalia. Asiponijalia, nakala ya daftari iko kwa mwenyekiti wa akina mama, naye ameahidi.

Mpendwa unayesoma, kama una binti wa miaka 9 hadi 14, kaulize kituo cha afya kilicho karibu nawe. Chanjo ni bure. Kama una miaka 30 au zaidi, kapime. Wazazi wawili wa darasa langu bado wamekataa, nami sijawakasirikia. Naenda kwao, tunakunywa chai, nawaeleza tena. Niliwahi kuwa kama wao.

Na Jumapili ijayo, ukimwona mama aliyezoea kukaa mbele amehamia benchi la mlangoni, usimwache peke yake. Nenda ukakae karibu naye. Msalimie, mwambie ugonile, na baada ya ibada mtoke pamoja. Mpe nafasi aseme.

Kyala atusamehe kwa ukimya wetu.